Barua pepe ya domeni yako kwenye seva yako mwenyewe, na PTR iliyotula Jumamosi nzima

Wifi yangu anashona sare za shule Morogoro. Ankara zake zilikuwa zinaangukia kwenye spamu za wahasibu, nyingine zinarudi kabisa, na seva nilimwekea mimi. Jumamosi tukakaa mezani kwake, cherehani zikilia chumba cha pili, tukaipanga upya. Nimeandika jinsi tulivyofanya. Mahali pa jinalako.co.tz na 203.0.113.25 weka domeni na IP yako (namba ya seva yako kwenye mtandao).

1. Kabla hujalipia seva

Muulize mwenye seva mambo mawili: poti 25 ya kutoka (mlango ambao seva hutumiana barua) iko wazi? PTR (rekodi inayogeuza namba ya IP kuwa jina) naweza kuiweka? Wengi huifunga poti hiyo kwa wateja wapya kwa kuogopa watuma spamu, na baadhi huifungua ukiomba. Jibu likiwa hapana kwa lolote kati ya hayo, tafuta mwingine.

2. DNS

DNS ni daftari la mtandao la majina na namba zake. Rekodi A ya mail.jinalako.co.tz ielekee kwenye IP. MX (rekodi inayosema barua za domeni ziende seva gani) ya jinalako.co.tz ielekee mail.jinalako.co.tz. MX hupewa jina, haipewi namba.

3. Programu

Postfix (hutuma na kupokea barua), Dovecot (hukuwezesha kuzisoma) na Rspamd (huchuja spamu), pamoja na cheti cha usalama cha Let's Encrypt. Simu na kompyuta zitumie poti 465 kutuma na 993 kusoma. Vile vifurushi vinavyosimika kila kitu kwa amri moja sivipendekezi: siku barua ikikwama, hujui uanzie kutafuta wapi. Simika moja moja, ujue kila faili linafanya nini.

4. PTR (hapa usikimbie)

Rekodi A hugeuza jina kuwa namba. PTR hugeuza namba kuwa jina. Seva nyingi zinazopokea barua huangalia pande zote mbili, na zisipolingana zinaweza kukukataa. Tangu Februari 2024 Google inadai hivyo kwa kila anayetuma kwenda Gmail.

Kosa langu la kwanza: niliiandika PTR kwenye DNS ya domeni, kule nilikoweka MX. Haifanyi kazi hata ukisubiri wiki. PTR iko chini ya mwenye IP, kwa hiyo huwekwa kwenye paneli ya seva. Andika pale mail.jinalako.co.tz, jina lile lile lililoko kwenye `myhostname` ya Postfix, kisha hakikisha:

`dig -x 203.0.113.25 +short`

Ikatoa jina sahihi. Tukashangilia, tukatuma ankara kumi. Nne zikarudi.

"Wifi, mbona nyingine zinapita?" akaniuliza. Sikuwa na jibu. Saa tatu nilihangaika na mipangilio isiyo na kosa, ndipo nikafungua `/var/log/mail.log` na kuisoma mstari kwa mstari. Zote nne zilikuwa na 550 5.7.25, na IP iliyotajwa haikuwa ile ninayoijua. Ilikuwa ndefu, yenye nukta pacha: IPv6, aina mpya ya IP. Seva ilikuwa na anwani mbili, na Postfix, usipoiambia, huokota yoyote kati ya hizo. Ya pili haikuwa na PTR.

Una njia mbili. Ipe IPv6 nayo PTR na rekodi AAAA (ni kama A, ila ya IPv6), au izime kwenye Postfix. Kwa ofisi ndogo mimi naizima:

`postconf -e 'inet_protocols = ipv4'`
`systemctl restart postfix`

Ni restart, reload haitoshi hapa.

5. SPF, DKIM, DMARC

Hizi tatu ni rekodi za DNS zinazothibitisha kwamba barua ni yako kweli. SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako: `v=spf1 mx -all`. Iwe moja tu. Ukiwa nazo mbili, zote zinabatilika. Kwa DKIM, sahihi ya kidijitali inayowekwa kwenye kila barua, tumia ufunguo wa biti 2048. Unazidi herufi 255, kikomo cha kipande kimoja cha TXT (rekodi ya maandishi kwenye DNS), kwa hiyo huenda ukalazimika kuugawa vipande viwili, kila kimoja ndani ya alama zake za kunukuu. DMARC, inayosema barua ikifeli ukaguzi huo ifanyweje, ianze na `p=none` (isizuiwe) pamoja na anwani ya kupokea ripoti (`rua=`). Soma ripoti wiki mbili hivi, ndipo uende `p=quarantine` (iende spamu).

6. Jaribu

Jitumie barua kwenye Gmail, fungua chanzo chake, utafute `spf=pass`, `dkim=pass`, `dmarc=pass`. DKIM ikigoma, anza na ile TXT ndefu. Ya wifi ilikuwa imekatwa mkia wakati wa kunakili, na paneli ikaihifadhi bila kulalamika.