Programu ya zamani imegoma kwa kompyuta mpya? Angalia biti kwanza

Ami yangu ana duka la leso pale Biashara Street, hesabu zake zote ziko kwa programu ya DOS, mfumo wa kale wa kabla ya Windows, skrini buluu maandishi meupe, hataki kusikia nyingine. Juzi kanunua mashine mpya ya Windows 11 akaniita nimtilie. Nabofya, yakataa. Yeye ashaanza kumlaani aliyemuuzia, maskini wa Mungu hana kosa.

Sasa sikizeni. Kabla ya lolote kopi folda nzima kwa fleshi, si ile faili ya kubofya peke yake, maana deta ziko humohumo na mashine kongwe ikifa ndo basi tena.

Halafu jua ni ya biti ngapi, yaani programu hushughulikia deta kwa vipande vya ukubwa gani, 16, 32 au 64. Fungua ile faili ya kubofya, inayoishia .exe, kwa Notepad, utaona takataka tupu, usiogope na USISEVU. Mwanzo kabisa kuna MZ. Shuka kidogo, ukiona PE kisha L hiyo ni biti 32, PE kisha d ni 64, ukiona NE ni ya Windows za kale za biti 16, na kama huoni PE wala NE basi yaelekea ni DOS yenyewe.

Biti 16 na DOS kwenye Windows ya biti 64 haziendi hata ubembeleze vipi, na Windows 11 haina toleo la biti 32, kwa hiyo anayekwambia cheza na "Compatibility" anakupotezea wakati tu. Weka DOSBox, programu ya bure inayojifanya mashine ya DOS (ile ya NE itataka pia Windows ya kale ndani yake), na kama folda yako iko C:\duka andika:

mount c c:\duka
c:

halafu jina la programu. Hiyo mistari itie mwisho wa faili ya konfigi ya DOSBox, chini ya [autoexec], mzee asiwe anaandika kila asubuhi. Lakini DOSBox ya kawaida ilitengenezewa gemu, kuprinti haijui, na ami bila risiti hakukaliki, so nikamwekea DOSBox-X, nduguye inayojua kuprinti. Ipo pia vDos, hiyo ni ya mambo ya ofisi hasa.

Ikiwa ni biti 32 ndo ubofye faili kwa kitufe cha kulia, uende "Properties" kisha "Compatibility", uchague Windows XP. Na usiiinstoli ndani ya Program Files, weka C:\ moja kwa moja, kwa sababu programu za zamani huandika deta kwenye folda yao wenyewe na tangu ile Windows ya Vista, Windows hairuhusu hivyo kule ndani.

Ikigoma bado, weka VirtualBox, kompyuta bandia ndani ya kompyuta yako, na Windows XP ndani yake, ila ikatie intaneti kabisa, XP haipati viraka vya kawaida vya usalama tangu 2014.

Ami sasa ametulia, lalamiko lake moja tu eti dirisha dogo haoni. Shika F11 ubonyeze F ami, itajaa skrini nzima.