Kabla Kengele Haijalia: Kujiandaa kwa Umwagikaji wa Vimiminika Vinavyowaka

Askari wa zimamoto akiona moto, mkono wenyewe unakwenda kwenye hosi. Kinachomponza ni tukio ambalo moto haujaonekana: lori limelala ubavu, petroli inatiririka kimya kimya barabarani, hakuna moshi, na kila mtu anahisi muda bado upo. Maandalizi mengi ninayoyajua yamepangwa kwa ajili ya moto uliokwisha kuwaka. Haya yanahusu dakika za kabla yake.

Jambo la kwanza ni kukijua kimiminika chenyewe. Kinachoshika moto ni mvuke unaotoka juu yake, na kila kimiminika kina kiwango cha joto ambacho kikifikiwa, mvuke unatosha kuwaka cheche ikitokea. Kwa petroli, kiwango hicho ni karibu nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri. Kwa hiyo petroli iliyomwagika iko tayari kuwaka mchana na usiku, kwenye jua na kwenye baridi kali. Ethanoli inahitaji nyuzi 13 hivi. Dizeli huvuka nyuzi 50, na hapo ndipo watu hulegea. Lakini dizeli iliyotuama juu ya lami iliyochomwa na jua, au inayoruka kama manyunyu juu ya injini ya moto, isihesabiwe kuwa salama.

Mvuke wa petroli ni mzito mara 3 hadi 4 kuliko hewa. Hautapaa uondoke zake. Unatambaa chini, unashuka mtaroni, unajaa kwenye vyumba vya chini ya ardhi na mabondeni, na unaweza kukutana na cheche mbali kabisa na pale mafuta yalipomwagikia, kisha moto ukarudi kwa njia ileile. Ndiyo maana mahali pa kusimamisha gari pajulikane kabla hamjatoka kituoni: upande upepo unakotoka, mahali palipoinuka, mbali. Anayeendesha afundishwe kusimama mapema kuliko moyo wake unavyotaka. Injini ya dizeli ikivuta hewa yenye mvuke huo inaweza kupanda mzunguko na kuendelea kunguruma hata ufunguo ukitolewa, na gari la kuokoa likawa ndilo kiberiti.

Kutambua kilichomwagika ni kazi ya macho, na ifanyike kwa mbali. Kila gari liwe na darubini. Naona ajabu kikosi kuwa na pampu ya mamilioni kikakosa kifaa hicho kidogo. Malori mengi hubeba kibao cha rangi ya chungwa chenye tarakimu juu na chini: 33 juu inasema ni kimiminika kinachowaka kwa urahisi mno, na 1203 chini inasema ni petroli. Nyingine za kukariri ni 1202 ya dizeli, 1223 ya mafuta ya taa, 1170 ya ethanoli na 1230 ya methanoli. Ziandikwe kwenye kadi ngumu, ibandikwe ndani ya mlango wa gari. Kwenye kadi hiyohiyo uwekwe umbali wa kuanzia wa kuwatenga watu. Kwa petroli, mwongozo wa dharura wa Amerika Kaskazini unataka watu watengwe mita 50 pande zote, mita 300 kuelekea upepo unakokwenda kama umwagikaji ni mkubwa, na mita 800 pande zote kama tangi limeshikwa na moto. Saa nane usiku, redio ikipiga kelele, hakuna anayezikumbuka namba hizo.

Methanoli ina hila yake: mwali wake hauonekani vizuri mchana. Mtu anaweza kuingia motoni akidhani anakanyaga maji.

Sasa kipima gesi, ambacho vikosi vingi hununua kisha wakakifungia kabatini. Wengi hawajui kinachosomwa. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Kipimo kinasoma ni asilimia ngapi ya hiyo 1.4 imefikiwa, kwa hiyo kikionyesha 10, mvuke ni asilimia 0.14 tu ya hewa. Namba inaonekana ndogo, ila vikosi vingi vimeifanya kuwa mstari wa kurudi nyuma, na nadhani wana haki. Kingine ni kwamba kihisi cha kawaida kinahitaji oksijeni ili kifanye kazi. Mvuke ukizidi sana, namba hupanda kwa kasi kisha hushuka kuelekea sifuri, na asiyefundishwa hupumua akidhani hali imetulia. Pia kifaa kilichosawazishwa kwa methani hakisomi sawasawa mivuke mingine, hivyo majedwali ya kusahihisha yawe pamoja nacho. Kijaribiwe kwa gesi ya majaribio kila zamu inapoingia. Na mpimaji azoeshwe kuinama, kifaa kikaribie kifundo cha mguu, maana anayepima kifuani anapima hewa ambayo mvuke haujaifikia.

Povu ndilo linalohitaji hesabu, na hesabu ifanyike mezani. Tuseme petroli imetanda eneo la mita 10 kwa 10. Kiwango kinachotumika sana kwa povu linalotandaza utando juu ya mafuta ni lita 4.1 za mchanganyiko kwa kila mita ya mraba kwa dakika, kwa dakika 15. Hiyo ni lita 410 kwa dakika, na jumla lita 6,150. Dawa ya povu inayochanganywa na maji ikiwa ya asilimia 3, unahitaji lita 185 hivi za dawa na karibu lita 6,000 za maji. Gari lenye tangi la lita 3,000 litaishiwa katikati ya kazi, na povu lililofunika nusu ya dimbwi halijafunika kitu. Tena blanketi la povu huchakaa likiwa limelala pale, linahitaji kuongezewa, basi akiba iwepo zaidi ya hesabu hiyo. Maji ya ziada yatatoka wapi, nani atayaleta, baada ya dakika ngapi: hayo yaandikwe.

Ethanoli, methanoli na asetoni huchanganyika na maji, na huvunja povu la kawaida mara linapogusa. Kwa hizo kuna dawa maalumu inayostahimili alkoholi. Dawa za aina tofauti zisimiminwe tangi moja. Dumu likifunguliwa, tazama chini kama kuna mashapo, na usishtuke dawa ya alkoholi ikiwa nzito kama uji, nyingi ndivyo zilivyo. Kifaa cha kuchanganyia kilingane na nozeli. Cha lita 400 kikifungwa na nozeli ya lita 200, huenda kisivute dawa kabisa, mkabaki mnanyunyizia maji matupu. Hilo ligundulike uwanja wa mazoezi.

Mazoezi yenyewe yafundishe upole. Povu likipigwa moja kwa moja dimbwini linazama, linachafuka mafuta na kuvuruga mvuke. Lielekezwe mbele ya dimbwi lijiviringishe kuingia, au ligonge ukuta liteleze kushuka. Lifunike mafuta ambayo hayajawaka pia, maana huko ndiko faida yake kubwa iliko.

Mitaro ina habari ndefu. Tarehe 22 Aprili 1992, katika jiji la Guadalajara nchini Meksiko, petroli iliyovuja hadi kwenye mifereji ya maji taka ililipuka, ikapasua kilomita kadhaa za mitaa na kuua watu zaidi ya 200. Wakazi walikuwa wamelalamikia harufu kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo ramani ya mifereji ya eneo lenu iwe ndani ya gari, pamoja na namba ya simu ya anayeisimamia. Beba mikeka ya mpira ya kufunikia chemba, mifuko ya mchanga, na koleo zisizotoa cheche. Mkikosa povu, msikimbilie kuosha barabara kwa maji: petroli huelea, na maji huisafirisha hadi ilipokuwa haijafika.

Kuhamisha mafuta kutoka tangi lililoanguka waachiwe wenye ujuzi, ila askari wajue la kukagua. Mafuta yanayopita kwenye bomba huzaa umeme tuli. Matangi mawili yaunganishwe kwa waya na ardhi kabla ya bomba kufunguliwa, na kibanio kishike chuma kitupu. Kikibana rangi, waya upo kwa macho tu. Redio, tochi na simu zisizothibitishwa kwa mazingira yenye mvuke zibaki garini.

Mavazi ya moto hunyonya petroli kama sifongo, na mengi ya mavazi ya kemikali huyeyuka kwa moto, kwa hiyo hakuna vazi linaloruhusu kusimama dimbwini. Aliyelowa alowanishwe maji mengi, avuliwe, akae mbali na chochote chenye joto. Mitungi ya kupumulia ivaliwe hata kama hakuna moshi.

Halafu kuna watu. Huko Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, na moto ukaua zaidi ya 100. Kizuizi cha watu ni sehemu ya zana kama hosi: makubaliano na polisi yafanywe mapema, kipaza sauti kiwe na betri zilizojaa, na askari ajue atatamka nini kwa sentensi fupi mbili.

Zoezi la mwisho halihitaji moto wowote. Mwaga maji yenye rangi uwanjani, piga kengele bila kuwaambia askari chochote, kisha simama pembeni uone gari litasimama wapi.