Una kisukari? Mulika miguu yako kila usiku

Wengi wenye sukari tunahangaika na ugali tu, niule wa sembe au dona, huku miguu hatuiangalii kabisa. Bi mkubwa wangu ana sukari zaidi ya miaka kumi, siku moja karudi sokoni kavua ndala, tunaona damu sakafuni, kumbe msumari umetoboa ndala ukaingia unyayoni na katembea nao mpaka nyumbani hajasikia kitu! Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, mguu unakufa ganzi, na damu nayo haifiki vizuri, ndo maana kamchubuko kadogo kanageuka donda mpaka watu wanakatwa mguu.

Sasa fanya hivi. Usiku kabla ya kulala chukua tochi ya simu, angalia juu, nyayo na katikati ya vidole, kama huwezi kuinama weka kioo chini au ita mtu. Unatafuta mpasuko, lengelenge, uvimbe, na sisi weusi wekundu hauonekani vizuri kwa hiyo pitisha mgongo wa mkono, sehemu yenye joto kuliko mguu wa pili itilie shaka.

Ukiosha, maji yapime kwa kiwiko sio kwa mguu, maana mguu wenye ganzi utakudanganya. Kausha katikati ya vidole, mafuta paka kwingine kote ila hapo usipake, panakaa fangasi. Kucha kata kwa kunyoosha usichimbe pembeni, na hawa vijana wa kucha wanaopita mitaani waambie kabisa una sukari, wembe kwenye sugu hapana. Wa Njombe na Makete huko kwenye baridi, msiote miguu kwenye jiko la mkaa.

Peku usitembee hata ndani. Kiatu kabla hujavaa kikung'ute na uingize mkono, kipya kanunue jioni mguu ukiwa umeshavimba kidogo. Halafu panya! Wanavyosema anang'ata huku anapuliza, kwa mtu mwenye ganzi sio utani, Dar wagonjwa wameshang'atwa vidole usingizini wakaamkia damu, so chandarua chomekea vizuri.

Ukiona kidonda osha kwa maji safi, funika na bandeji safi, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama hakiumi, mambo ya kupaka dawa ya meno na majivu acha. Kikitoa harufu au kidole kikiwa cheusi usisubiri kukuche.

Na sukari yenyewe pima, sigara acha, macho na mkojo vikachekiwe kila mwaka. Ikishuka chini ya 4 (kipimo cha mmol/L) unatetemeka jasho linakutoka, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe, pima tena baada ya dakika 15.

Bi mkubwa siku hizi anamulikiwa na mjukuu wake, akimaliza tu anadai mia mbili yake.