Kupanga bustani ya mapumziko penye magofu, Mikindani

Mikindani, nje kidogo ya Mtwara mjini, kuta za mawe ya matumbawe bado zimesimama katikati ya makazi ya watu. Kiwanja cha namna hiyo kinafaa sana kuwa bustani ya mtaa, mradi ukuta ushughulikiwe kwanza, viti na goli vifuate. Magofu ya kale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo usiguse jiwe kabla ya kibali.

Kazi ifanyike kiangazi, Juni hadi Oktoba. Mti ulioota juu ya ukuta usiung'oe, maana mizizi imekumbatia mawe na ukivuta yanakuja yote. Kata shina usawa wa ukuta, na kila linapochipua kata tena mpaka mzizi ufe.

Nyufa ziba kwa chokaa, kamwe si kwa saruji. Saruji hupendwa kwa kuwa inashika upesi, lakini ni ngumu kuliko tumbawe na inaziba njia ya unyevu. Maji yakikwama, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta na kulila jiwe. Plasta ikibanduka inaondoka na uso wa ukuta. Changanya ndoo 1 ya chokaa iliyozimwa (yaani iliyochomwa kisha ikatiwa maji) na kulowekwa ikaiva, kwa ndoo 3 za mchanga wa mtoni. Wa ufukweni una chumvi, uache. Lowesha ufa, jaza tabaka la sentimita 2 hivi, likishakaza ongeza jingine. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa wiki nzima, la sivyo jua litaikausha chokaa kabla haijashika na itapukutika ukiigusa kwa kidole.

Njia ya wapita kwa miguu ikae mbali na ukuta mara moja na nusu ya kimo chake: ukuta wa mita 4, njia mita 6. Goli lisielekee gofu. Viti viweke chini ya mikwaju na mibuyu iliyopo. Kando ya ukuta panda nyasi tu, na mfereji uyatoe maji ya masika nje ya msingi.

Wachoma pweza na mihogo wapewe kona yao, mbali na kuta. Tumbawe likipigwa na moto mkali hugeuka chokaa, kama linavyofanywa tanuruni, na jiwe lililoungua halirudi.