Jinsi ya kuchambua vitendo uneni katika mazungumzo ya kila siku: tuanzie sokoni Mwanjelwa

Ninafundisha Kiswahili hapa Mbeya. Kila tukifika kwenye mada ya vitendo uneni, yaani mambo tunayoyatenda kwa kusema, kama kuomba, kuahidi au kukataa, wanafunzi hukariri aina tano, hufanya mtihani, basi. Wapeleke sokoni uwaulize mama yule amefanya nini kwa kusema vile, wanatazamana. Wanaikodolea macho sentensi na kumsahau aliyejibu. Katika mwongozo huu anayejibu ndiye shahidi wetu mkuu.

Nadharia yenyewe ni fupi. J. L. Austin, mwanafalsafa wa Oxford, alitoa mihadhara Harvard mwaka 1955, ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1962 yeye akiwa ameshafariki. Alisema kunena ni kutenda, na akatenganisha mambo matatu: maneno yaliyotamkwa, kusudi la kuyatamka, na athari yake kwa msikilizaji. Mmarekani John Searle akaipeleka mbele hoja hiyo mwaka 1969, na mwaka 1975 akapanga aina tano tunazofundisha hadi leo.

Hatua ya 1: Pata mazungumzo ya kweli

Mifano ya kutunga kichwani huwa misafi mno. Nenda sokoni, kituo cha daladala, mgahawani, nyumbani kwenu jioni. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na majina ya watu usiyaandike. "Muuzaji" na "mteja" yanatosha. Andika nani anaongea na nani, nani mkubwa, wako wapi, na nini kilitangulia. Mtu akinyamaza, andika kwamba amenyamaza. Akinyoosha mkono, andika hivyo pia.

Haya ni mazungumzo ya aina unayoweza kuyasikia asubuhi yoyote Mwanjelwa:

Mteja: Dada, viazi sado shilingi ngapi?
Muuzaji: Elfu tano. Vimeshuka leo kutoka Isyonje.
Mteja: Haipungui?
Muuzaji: Maisha magumu, dada yangu.
Mteja: Nina elfu nne.
Muuzaji: Leta. (Anaanza kumimina viazi kwenye mfuko.)

Hatua ya 2: Kata kwa tendo, si kwa nukta

Tendo moja linaweza kuwa neno moja. "Hodi" ni tendo kamili, "Leta" vilevile. Na pumzi moja inaweza kubeba matendo mawili: konda anayesema "Samahani mama, sogea kidogo" ameomba radhi, kisha ameelekeza. Yape namba mbili.

Hatua ya 3: Muulize anayejibu

Hapa usiwe na haraka. Kwa kila tamko, andika kwanza umbo lake (ni swali, ni amri, ni maelezo?), halafu shuka mstari unaofuata uone limepokelewaje.

"Haipungui?" kwa umbo ni swali la ndiyo au hapana. Jibu lake ni "Maisha magumu, dada yangu." Hapo hakuna ndiyo wala hapana, na mteja hakushangaa. Maana yake wote wawili walijua kwamba lile lilikuwa ombi la kupunguziwa, nalo limekataliwa kwa upole. Hilo "dada yangu" linaacha mlango wazi, asingetaka kuendelea na biashara angekomea "Ndiyo bei."

"Nina elfu nne" haielezi kilichomo kwenye pochi. Huenda ana elfu ishirini, na muuzaji analijua hilo, wala hamwiti mwongo. Ni bei anayoitoa.

Sasa "Leta." Mwanafunzi akiona kitenzi cha kuamuru, anaandika "amri" na kugeuza ukurasa. Lakini tazama nani amejifunga. Muuzaji amekubali kuuza kwa elfu nne, ndiyo maana mkono wake umeshaingia kwenye viazi. Naye mteja amefungwa na neno lake mwenyewe: akiondoka sasa hivi, atasikia "Sasa si umesema mwenyewe?" Lawama kama hiyo ni ushahidi mzuri kuliko kamusi. Mtu halaumiwi kwa kuacha alichoulizwa tu. Analaumiwa kwa kuacha alichokubali.

Kwenye daladala ushahidi unakuja haraka zaidi. Gari likikaribia kituo cha Mafiati, konda anapaza sauti: "Mafiati wapo?" Abiria anajibu: "Shusha!" Wengine kimya, na gari linapita vituo ambavyo hakuna aliyejibu. Kimya kile ni jibu, kwa hiyo kiingie kwenye daftari. Na yule mpiga debe anayeimba "Gari inaondoka hiyo, bado mmoja!" huku viti nusu viko wazi? Kwa umbo anatoa taarifa, tena ya uongo. Hakuna anayemshitaki, kwa sababu kila mtu anaisikia kama "Panda."

Hatua ya 4: Weka kwenye aina

Kauli za taarifa humfunga msemaji na ukweli wa anachokisema: "Vimeshuka leo kutoka Isyonje." Kipimo chake ni kuuliza kama mtu anaweza kujibu "Si kweli." Humo zimo pia kukanusha, kudai na kukisia.

Kauli za kuelekeza humtaka msikilizaji afanye jambo, na huku kwetu nyingi huja zimejifunika. Mwezi wa saba pale Uyole au Makambako, mtu akiingia akaacha mlango wazi, mzee atasema tu, "Baridi imeingia humu." Kijana anayejibu "Kweli, mzee" kisha akakaa, ameelewa maneno na kukosa kusudi. Mgahawani "Kuna chai?" ni kuagiza chai, mhudumu hasemi "Ipo" akaenda zake.

Kauli za kujifunga ni ahadi, viapo, kukubali bei, hata vitisho.

Kauli za hisia ni pole, hongera, asante, samahani. Wengi huweka humo na salamu, nami nafuata hivyo kwa shingo upande. "Kamwene" ya Iringa na Njombe, au "Shikamoo," haihitaji anayesalimu awe na hisia yoyote moyoni; inahitaji kuitikiwa. Mkubwa akiinyamazia shikamoo, kila aliyepo anajua kuna jambo.

Kauli za kutangaza hubadilisha hali ya mambo papo hapo kwa kutamkwa tu. Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Songwe kutoka Mbeya mwaka 2016. Mtu wa Vwawa, mji ulioangukia Songwe, hakuhamisha hata kigoda. Tangazo ndilo lililomhamishia mkoa mwingine.

Hatua ya 5: Kagua masharti

Tendo linaweza kuharibika hata kama maneno yamenyooka. Mwenyekiti wa mtaa akisema "Nimefungua kikao," kikao kimefunguliwa. Mtoto akisema maneno yaleyale, tunacheka. Jiulize: msemaji ana mamlaka? Mahali ni sahihi? Ana nia kweli? Anachoahidi kiko ndani ya uwezo wake?

Kwa ahadi ongeza swali la Searle: je, msikilizaji anakitaka kinachoahidiwa? "Nitakuja kwako jioni" kwa mgonjwa ni ahadi. Kwa mtu anayedaiwa na msemaji, ni tishio. Bila maelezo ya Hatua ya 1 huwezi kuyatofautisha, ndiyo maana nilisisitiza uyaandike.

Hatua ya 6: Yanayogoma, yaache yagome

Mteja ameuliza bei, ameshika nyanya, amezirudisha. "Nazunguka kidogo, narudi." Muuzaji: "Haya, karibu tena." Umbo ni la ahadi. Lakini asiporudi, kesho yake hakuna anayemdai kitu. Ni kukataa kwa heshima, na "karibu tena" ni kukubali kwamba amekataliwa. Lakini kuna wanaorudi kweli, na akirudi husema "Si nilikwambia?" kana kwamba aliahidi.

Vivyo hivyo "Karibu chakula" kwa jirani anayepita. Akijibu "Asante, nimeshiba," ilikuwa salamu. Akivuta kigoda, umekuwa mwaliko, na mama mwenye nyumba anaongeza sahani.

Tamko la namna hiyo liandikie aina zote mbili, pamoja na jibu lililoelemea upande mmoja. Ukimpata msemaji baadaye, muulize alikusudia nini, ila jibu lake liweke safu ya peke yake. Watu huyapamba makusudio yao wakishaulizwa.