Kuuza gari la Malindi ukiwa ughaibuni

Gari lililoachwa Malindi halikai kama ulivyoliacha. Upepo wa chumvi hula bomba la moshi na chini ya milango, na betri hufa. Kama hurudi karibuni, liuze likiwa bado linatembea. Wenye kwao Lamu, ambao kwa kawaida huliacha Mokowe, walipeleke Malindi; wanunuzi ni wengi zaidi huko.

Gari dogo kama Vitz, Passo, Demio au Note halihitaji kupigiwa debe. Anayelitaka ameshajua halinywi mafuta. Asichojua ni kama lako limetunzwa. Basi mpwa wako aliyeko nyumbani ajaze tangi hadi juu, aende Mombasa na kurudi, kama kilomita 240, kisha ajaze tena kituo kilekile. Zikiingia lita 14, ni kilomita 17 hivi kwa lita, na risiti mbili zinatosha kuzima ubishi. Ziwekwe pamoja na risiti za sevisi. Kisha gari liinuliwe gereji, lipigwe picha chini, kutu iliyopo ionekane. Mnunuzi wa Pwani huinama huko kabla hata ya kuuliza bei, na akigundua mwenyewe ulichoficha, atakata bei kuliko kutu yenyewe inavyostahili.

Ukimtumia dalali, mpatane ujira wake mapema. Ukimwambia tu "nataka kiasi fulani", kitakachozidi atakichukua yeye, na gari litakaa sokoni kwa bei usiyoijua. Mimi ningempa kazi mpwa.

Umiliki huhamishwa mtandaoni kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali: wewe muuzaji unaanzisha, mnunuzi anakubali kwenye akaunti yake, na nyote mna PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi. Hapa ndipo wengi wa ughaibuni hukwama, kwani namba ya kuthibitisha huja kwenye laini ya Kenya iliyozimwa zamani. Ifufue kabla ya kutangaza gari. Kama benki au sacco bado imo kwenye logbuku, yaani hati ya umiliki wa gari, iondolewe kwanza. Na ndugu akikusainia mkataba, awe na hati ya uwakilishi iliyoandaliwa na wakili, saini yako ikithibitishwa ubalozini au kwa notari.

Mkataba uandikwe tarehe na saa ya makabidhiano. Saa ni muhimu: gari likigonga mtu jioni ileile, polisi watamtafuta aliyeandikwa kwenye logbuku.

Fedha ziingie benki moja kwa moja, kwenye akaunti yako, si ya shemeji. M-Pesa hupitisha shilingi 250,000 tu kwa muamala mmoja, na picha ya risiti ya benki au meseji iliyotumwa mbele huweza kughushiwa. Fungua akaunti, uone salio mwenyewe. Mpwa na mnunuzi wakutane ndani ya benki, wewe ukiwa kwenye simu: pesa zikionekana, anzisha uhamisho, mnunuzi akubali papo hapo, ndipo ufunguo utoke mkononi. Chagua asubuhi ya Jumanne au Jumatano. Ijumaa mchana watu wako msikitini, na pesa zikichelewa utashinda wikendi nzima ukibembelezwa uachie gari "tu mpaka Jumatatu".

Siku hiyohiyo iandikie kampuni ya bima ifute bima yako, na udai salio la miezi iliyobaki.