Jinsi ya Kupiga Picha za Ndege wa Pwani ya Mtwara kwa Kufuata Maji

Anayetaka kupiga picha za ndege wa pwani, iwe Mikindani au Msimbati, aanze na kalenda ya mwezi kabla ya kufikiria lenzi. Ndege hawa hujilisha kwenye matope na michanga inayobaki wazi maji yanapokupwa, na wakati huo hutawanyika mbali kiasi kwamba hata lenzi ya milimita 600 haifui dafu. Maji yanapojaa hulazimika kurudi nyuma kidogo kidogo kuelekea ufukweni, na mpiga picha aliyekwisha kutulia mahali pake huwaona wakimjia wenyewe.

Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, kisha nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Kwa kuwa bahari iko mashariki, jua la asubuhi humpiga mpiga picha usoni na kuwageuza ndege kuwa vivuli vyeusi, ilhali la alasiri hutokea mgongoni mwake na kuangaza kila unyoya. Siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu, basi, maji hujaa wakati mwanga nao umeanza kulainika. Siku za maji mafu, yaani zile ambazo maji hayajai wala kukupwa sana, hali ni kinyume, nami sioni sababu ya kubeba mzigo wote ule kwa ajili yake. Asiye na jedwali la maji amuulize mvuvi yeyote. Atajibiwa bila mtu kutazama simu.

Msimu mzuri ni Oktoba hadi Machi, wageni wa kutoka kaskazini wanapokuwa wamefika: sululu mwenye mdomo uliopinda, vitwitwi wa aina nyingi, na yule mla kaa mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye hutaga ndani ya mashimo anayoyachimba mchangani huko pwani za Arabuni.

Fika muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa, tandika gunia, ulale kifudifudi ili kamera iwe usawa wa macho ya ndege. Hapa upepo una kauli yake. Kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, inapovuma, ndege husimama wakielekeza vichwa kaskazini-mashariki, hivyo ukikaa kusini-magharibi yao, mahali panapoonekana bora kwa sababu ya jua, utaambulia migongo na mikia tu. Sogea upande wa kaskazini mpaka uwaone ubavuni. Wakiacha kula na kunyoosha shingo, wamekwisha kukushuku, nawe usisogee tena. Kuwarusha makusudi ili upate picha ya kundi angani ni tabia mbaya, kwa maana wanahitaji mafuta ya mwilini kwa safari ndefu ya kurudi.

Mipangilio ya kamera si jambo kubwa: kasi ya 1/1000 ya sekunde kwa ndege aliyesimama, 1/2000 kwa anayeruka, na tundu la lenzi kati ya f/5.6 na f/8. Mla kaa peke yake ndiye anayehitaji uangalifu, kwani kamera ikipima matope meusi yaliyomzunguka huongeza mwanga na manyoya meupe yakapotea kabisa. Upunguze mwanga kidogo na kukagua picha ya kwanza.

Msimbati imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, hivyo lipa kiingilio kwanza. Kina mama wanaookota chaza na kombe nao waombwe ruhusa kabla ya kuelekezewa kamera. Mwisho, angalia nyuma yako kila baada ya muda, hasa penye mikoko, kwa sababu mkondo uliouvuka kwa kulowa vifundo tu huweza kufika kiunoni wakati wewe bado umekodolea macho kioo.